Ella Deloria, Mtunzaji wa Lugha ya Walakota

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya mashujaa waliobeba mikuki, waliofungwa gerezani au waliotawala nchi. Mimi leo ninakuletea shujaa wa namna nyingine kabisa. Huyu hakushika mkuki wala hakuketi bungeni hata siku moja. Alishika kalamu. Aliketi na wazee wa kwao, akasikiliza, akauliza, akaandika. Jina lake ni Ella Cara Deloria, mwanamke wa Marekani aliyefariki mwaka 1971. Nimemchagua kwa sababu sisi ni chama cha Kiswahili, na si vyema chama cha lugha kikose kumjua mtu aliyeitumikia lugha yake tangu ujana hadi kaburini, bila mshahara wa maana na bila cheo cha kujivunia.

Kwanza tuwajue watu wake. Ella alitoka katika wale wenyeji wa asili wa Marekani ambao vitabu vyetu vingi viliwaita Wahindi Wekundu, jina walilobandikwa na Wazungu waliodhani ati wamefika India. Taifa lake Wazungu waliliita Sioux. Wenyewe hujiita Dakota au Lakota, kulingana na lahaja. Lahaja hizi hazipishani sana. Mwanamume wa Kilakota humwita rafiki yake "kola", na mwenzake wa Kidakota akasema "koda". Ni kama vile Mvita asemavyo "ndia" na Mwunguja akasema "njia", nao wakaelewana bila mkalimani. Ella alikuwa Mdakota wa Yankton kwa kuzaliwa, na Mlakota kwa kulelewa. Lahaja zote mbili zilikaa kinywani mwake kama meno.

Alizaliwa Januari 1889 katika eneo la Yankton, katika nchi ambayo mwaka huohuo ilifanywa jimbo la South Dakota. Siku aliyozaliwa kulikuwa na dhoruba kali ya theluji, lakini wazazi wakampa jina la Kidakota, Anpetu Waste Win, maana yake Mwanamke wa Siku Nzuri. Waama, jina hilo lilikuwa dua, kwa sababu siku zenyewe hazikuwa nzuri hata kidogo. Watu wake walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao na kusukumwa katika maeneo madogo waliyotengewa na serikali, mfano wa zile rizavu walimofungiwa babu zetu enzi za mkoloni. Nyati waliowalisha na kuwavisha tangu jadi walikuwa wamemalizwa kwa bunduki. Tangu mwaka 1883 ngoma zao kubwa za ibada zilikuwa zimepigwa marufuku.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa na historia ndefu. Babu yake mzaa baba, Saswe, alikuwa mganga na kiongozi aliyeheshimiwa. Baba yake, Philip Deloria, aliacha njia ya babu akaingia Ukristo, na mwaka 1892 akawa kasisi wa Kanisa la Episkopali, yaani lile la Kianglikana, mmoja wa makasisi wa kwanza kabisa wa taifa lake. Mama yake, Mary, alikuwa mjukuu wa mchoraji picha mashuhuri, Thomas Sully. Baba wa mama huyo alikuwa Alfred Sully, jenerali wa jeshi la Marekani aliyepigana na hao hao Wasioux. Jamani, fikiria damu hizo zote katika mwili wa mtoto mmoja: mganga, kasisi, mchoraji na jenerali wa adui!

Ella alipokuwa hajatimiza miaka miwili, familia ilihamia Wakpala, katika eneo la Standing Rock, ambako baba alipewa kanisa la Mtakatifu Elizabeth. Huko walikaa Walakota. Mwaka ulikuwa 1890, mwaka mchungu kuliko yote. Tarehe 15 Desemba kiongozi Sitting Bull aliuawa hapo hapo Standing Rock na polisi waliotumwa kumkamata. Wiki mbili baadaye, tarehe 29 Desemba, kule Wounded Knee, wanajeshi waliwamiminia risasi Walakota zaidi ya 250, wengi wao wanawake na watoto. Majirani wa kasisi Deloria walikuwa watu wenye matanga moyoni, na ni wao waliomlea Ella.

Nyumbani lugha ilikuwa Kidakota. Nje ya mlango ilikuwa Kilakota. Kanisani baba alihubiri kwa lugha ya watu wake, waumini wakaimba nyimbo kwa lugha hiyo, na kufikia mwaka 1880 Biblia nzima ilikuwa imetafsiriwa. Katika shule za bweni za serikali mambo yalikuwa kinyume. Tangu ile ya Carlisle ilipofunguliwa mwaka 1879, mtoto wa asili alinyolewa nywele, akavuliwa nguo za kwao, akapewa jina geni, na akikutwa anasema lugha ya mama, cha moto alikiona. Wengi wetu tumesikia kutoka kwa wazazi wetu habari za kile kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani. Basi jueni kwamba kibao kile kilikuwa na ndugu zake ng'ambo ya bahari.

Ella alikuwa na akili kama wembe. Alianza masomo katika shule ya kanisa la baba yake, akaendelea katika shule ya bweni ya All Saints mjini Sioux Falls, kisha akaenda chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio. Mwaka 1913 alihamia New York katika chuo cha ualimu cha Columbia, akapata shahada yake mwaka 1915. Enzi hizo msichana wa kabila lake kufika hapo haikuwa mchezo.

Hapo Columbia alikutana na Profesa Franz Boas, mwanaanthropolojia mkubwa mwenye asili ya Ujerumani. Boas alikuwa na maandishi ya Kilakota aliyotaka kuwafundishia wanafunzi wake, lakini lugha ilimpiga chenga. Akasikia kwamba katika chuo cha ualimu yuko binti anayeisema tangu utotoni. Akamwita, na Ella akawa anawasomea wanafunzi wa profesa maneno ya kwao na kuwaeleza maana yake, kwa ujira wa dola 18 kwa mwezi. Kumbe lile lililoadhibiwa katika shule za bweni, chuo kikuu kililitafuta kwa tochi! Nadhani hapo ndipo alipoona kwamba alichokibeba tangu nyumbani hakikuwa mzigo wa aibu. Kilikuwa hazina.

Ungetarajia kwamba angebaki New York ajitafutie shahada ya pili na ya tatu. Lakini wapi! Alirudi nyumbani mwaka huohuo wa 1915, akaanza kufundisha All Saints, shule iliyomsomesha. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Ella alikuwa dada mkubwa, na nyuma yake walikuwa Susan na Vine, bado wadogo. Tangu siku hiyo akawa nguzo ya nyumba. Mwaka 1919 aliajiriwa na YWCA, kile chama cha Kikristo cha wanawake, akawa anazunguka katika shule za watoto wa asili kufundisha afya. Mwaka 1923 alikwenda Haskell, shule ya serikali katika jimbo la Kansas, akawafundisha wasichana mazoezi ya viungo na densi.

Mwaka 1927 Boas alimfuata huko Haskell. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini profesa hakuwa amemsahau yule binti wa dola 18. Alimtaka arudi katika kazi ya lugha. Ella akakubali, na mwaka uliofuata akaacha ajira yake akaingia kazi hiyo mzima mzima. Akawa mara yuko New York, mara yuko Standing Rock, Rosebud au Pine Ridge, akiwafuata wazee kabla hawajaondoka na maneno yao. Wale walioyaona maisha ya kuhamahama na nyati walikuwa wakiisha mmoja mmoja, na kila mzee aliyezikwa alikwenda na maktaba yake.

Sasa nifikie jambo lililonivutia zaidi katika maisha yake, nalo ni namna alivyoifanya kazi hiyo. Watafiti wengi wa wakati huo walifika kwa mzee na daftari na orodha ya maswali, wakalipa kwa saa, wakaondoka. Ella hakuweza. Kwa watu wake ujamaa ndio uliokuwa sheria. Kwa Mlakota, ndugu wa kiume wa baba yako ni baba yako, na dada wa mama yako ni mama yako, kama sisi tusemavyo baba mdogo na mama mkubwa. Mtu hakuitwa ovyo kwa jina lake. Aliitwa kwa ujamaa wake: shangazi, babu, shemeji, mkwe. Na kila neno la ujamaa lilikuja na deni lake. Yuko wa kumtania na yuko wa kumstahi. Mkwe hakusemeshwa hivi hivi wala kukodolewa macho, desturi ambayo katika jamii nyingi za Kenya haihitaji maelezo.

Kwa hiyo Ella alipokwenda kwa mzee, hakwenda kama mtafiti wa Columbia. Alikwenda kama mjukuu au binti. Alibeba chakula na zawadi, akaketi, akala nao, akajulia hali wagonjwa, na mazungumzo yakaja kwa wakati wake. Ilimbidi amweleze Boas kwamba yeye hawezi kuwaingilia watu wake mikono mitupu kama mgeni. Gharama za nyama na zawadi hizo nyingi zilitoka mfukoni mwake mwenyewe. Wakubwa wa fedha kule mjini hawakuwa na safu ya kuandikia heshima katika vitabu vyao vya hesabu. Lakini alichokileta hakuna mgeni angeweza kukileta, kwa sababu aliambiwa yale ambayo mtu humwambia mwanawe.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 1932 kilichapishwa kitabu chake kiitwacho Dakota Texts, chenye hadithi 64 katika lugha yenyewe pamoja na tafsiri. Humo utamkuta Iktomi, mjanja wa visa vya Walakota, ambaye ni buibui na ni mtu kwa pamoja. Iktomi hudanganya, hula vya wenziwe, na mara nyingi hunaswa katika mtego wake mwenyewe. Ukimsoma utasema huyu na Sungura wetu walisoma darasa moja!

Mwaka 1941 ikafuata sarufi, Dakota Grammar, na juu ya jalada yako majina mawili, Franz Boas na Ella Deloria. Wanachama wenzangu mnaopenda ngeli na vitenzi, hapa mngefurahi. Katika lugha hii mwanamume na mwanamke hawasemi sawasawa. Salamu ya mwanamume ni "hau", na ya mwanamke ni "han". Mwanamume akimtaja kaka yake mkubwa husema "chiye", lakini dada akimtaja kaka huyo huyo husema "tiblo". Mgeni aliyejifunza kwa wanaume peke yao angewachekesha watu akawa hajui wanachekea nini. Ella alizijua njia zote mbili, tena alijua mzaha uko wapi na heshima iko wapi.

Na msidhani alikuwa kibaraka wa profesa wake. Daktari mmoja wa Pine Ridge, James Walker, alikuwa amechapisha mwaka 1917 masimulizi marefu kuhusu miungu ya Walakota. Boas alimtuma Ella akayahakikishe. Ella alizunguka kwa wazee akiuliza, na wazee wakamjibu kwamba sehemu kubwa ya mambo hayo hawayajui. Boas hakuridhika, akamtaka atafute tena. Ingekuwa rahisi kwake kumpa mkubwa jibu alilolitaka, hasa ikiwa mkubwa huyo ndiye mwenye kukulipa. Ella akashikilia lile aliloambiwa na wazee. Alimheshimu Boas kama baba, lakini ukweli wa watu wake haukuwa wake kuupunguza wala kuuongeza.

Tusije tukadhani maisha yake yalikuwa mteremko. Hakuolewa. Alimtunza baba yake mpaka alipofariki mwaka 1931, na dada yake Susan, aliyekuwa msanii mwenye haya nyingi na afya dhaifu, aliishi naye na kumtegemea. Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya dhiki kuu ya uchumi, na fedha za utafiti zilikuja kwa matone. Ella hakuwa mwajiriwa wa kudumu. Alilipwa kazi ikiwapo na kukosa ikikosekana. Zipo nyakati ambapo gari lake ndilo lililokuwa nyumba, yeye na dada yake na mafurushi ya karatasi za Kilakota wakisafiri pamoja. Shahada za juu hakuzipata, maana zilihitaji kukaa mjini na kulipa karo, na yeye alikuwa na watu wa kulisha. Wengine walioanza nyuma yake wakawa madaktari wa falsafa na maprofesa, wakati mwingine kwa msaada wa mambo aliyowaeleza yeye.

Sijui wewe msomaji unaonaje, lakini mimi naona hapo ndipo palipo na siri ya maisha yake. Ujamaa ule ule uliomfungulia milango ya wazee ndio uliomzuia kupanda ngazi za vyuo. Mtu hawezi kuwa binti wa kweli anapokusanya hadithi, halafu akaacha kuwa binti baba anapougua. Ella alilijua deni hilo na akalilipa pande zote mbili.

Imani yake nayo ilikuwa na sura hiyo hiyo. Alikuwa Mkristo wa kanisa la baba yake tangu kubatizwa hadi kuzikwa. Lakini huyo huyo binti wa kasisi, mwaka 1929, alichapisha maelezo ya Ngoma ya Jua ya Walakota aliyoyatafsiri kutoka kwa maandishi ya mzee wa Kilakota aitwaye George Sword. Ngoma hiyo ilikuwa ibada kuu ya watu wake, na wakati huo ilikuwa bado imepigwa marufuku na serikali, mpaka mwaka 1934. Hakuandika kwa kuibeza. Aliandika kama mtu anayewaheshimu waliomwomba Mungu kabla yake, akiwamo babu yake Saswe. Mwaka 1944, kupitia wachapishaji wa Kikristo, alitoa kitabu kiitwacho Speaking of Indians, akiwaeleza Wakristo wa Marekani kwamba watu wake hawakuwa gizani wakisubiri kufundishwa utu. Walikuwa nao utu, na mizizi yake ilikuwa ujamaa: kuishi hivi kwamba kila aliye ndugu yako asikose kwako anachostahili. Aliwaonyesha kwamba ukimvunjia mtu ujamaa wake, hata ukimpa shamba, nyumba na shule, bado umemwacha mkiwa.

Utumishi wake haukuishia kwa Walakota. Mwaka 1940 alikwenda North Carolina, kwa watu wa asili wa kaunti ya Robeson ambao leo huitwa Walumbee. Huko yeye na watu wenyewe waliandaa mchezo mkubwa wa jukwaani ulioeleza historia yao. Na mwaka 1943 alitunukiwa nishani ya watu wa asili wa Marekani waliofanya makuu.

Boas alifariki Desemba 1942, na kwa Ella ilikuwa kama kuondokewa na mzazi. Rafiki yake wa Columbia, Profesa Ruth Benedict, alimtia moyo aendelee na kazi aliyokuwa ameianza, nayo ni riwaya. Ella aliona kwamba vitabu vya kitaalamu vilizihifadhi desturi kama samaki wakavu, lakini havikuonyesha jinsi mwanamke wa Kidakota alivyoamka, alivyolea, alivyocheka na alivyolia. Akaandika Waterlily, hadithi ya msichana na mama yake katika siku ambazo watu wake bado walihamahama na Wazungu walikuwa ndio kwanza wanaanza kuonekana kwa mbali. Riwaya ikakamilika katika miaka ya 1940. Wachapishaji wakasema haitakuwa na wasomaji. Benedict akafariki mwaka 1948, na muswada ukarudi sandukuni.

Mtu mwingine angekata tamaa. Ella alirudi nyumbani. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 66, alipewa kuiongoza shule ya Mtakatifu Elizabeth pale Wakpala, shule ile ile aliyoanzia masomo. Aliiongoza mpaka mwaka 1958. Watoto aliowalea huko walikuwa wajukuu wa majirani waliomlea yeye. Hata baada ya hapo hakupumzika. Dada yake Susan alifariki mwaka 1963. Katika miaka hiyo ya 1960 Ella alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha South Dakota mjini Vermillion, nywele zake nyeupe kama theluji ya siku aliyozaliwa, akipanga kadi na karatasi za kamusi ya lugha yake. Mwaka 1970 akapigwa na kiharusi. Tarehe 12 Februari 1971 alifariki, akiwa na miaka 82, na kamusi ikabaki haijakamilika.

Lakini mvumilivu hula mbivu, hata kama mbivu nyingine huiva baada ya mwenyewe kuondoka. Mwaka 1988, miaka 17 baada ya kifo chake, chapa ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilitoa Waterlily. Ile riwaya isiyo na wasomaji! Imekuwa ikisomwa vyuoni na majumbani tangu siku hiyo. Mpwa wake, Vine Deloria Mdogo, aliyefariki mwaka 2005, alikuwa mmoja wa waandishi na watetezi wakubwa wa haki za wenyeji wa Marekani. Naye Susan, yule dada mwenye haya, siku hizi anajulikana kwa jina lake la usanii, Mary Sully, na michoro yake imeingia katika majumba makubwa ya sanaa. Kama Ella asingemtunza, nani angeiona?

Na lugha je? Ukweli ni kwamba Kilakota na Kidakota viko hatarini. Mwaka 1990 Marekani ilipitisha sheria ya kuzilinda lugha za wenyeji, lakini sheria ilikuja baada ya vizazi vingi kunyamazishwa. Wazungumzaji waliozaliwa nayo ni wachache, tena wengi wao ni wazee. Hata hivyo vijana wanajifunza upya, na wanapotafuta jinsi bibi zao walivyosema, wanaifungua sarufi ya mwaka 1941, wanazisoma hadithi za mwaka 1932, na wanapekua maelfu ya kurasa alizoziacha Ella. Lau asingerudi nyumbani na zile dola chache, kurasa hizo zisingekuwapo. Wazee wangeondoka nazo, na leo mjukuu angebaki akiuliza swali lisilo na mtu wa kulijibu.

Wenzangu, lugha yetu ya Kiswahili haina shida hiyo, nayo inazidi kunawiri. Lakini kila mmoja wetu ana lugha nyingine nyumbani, na ana bibi au babu ambaye anajua methali, vitendawili na majina ya miti ambayo hayamo katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Likizo ziko tatu kwa mwaka. Ella hakuanza na kitabu. Alianza kwa kuketi, kunyamaza na kumwita mzee kwa jina la ujamaa wake. Hilo halihitaji karo wala shahada. Linahitaji daftari, kalamu na adabu, na ikiwezekana robo kilo ya sukari, maana mikono mitupu haisikilizwi sana.

Mimi nimeweka kalamu chini. Mungu amrehemu Mwanamke wa Siku Nzuri, na atujalie sisi tuliobaki masikio ya kusikiliza. Wasalaam, tuonane toleo lijalo, panapo majaliwa.